Fomu ya Ndugu

Nilikuwa nampenda mgonjwa M-117, na sioni haya kulisema. Katika watu mia nne na kumi na wawili waliokuwa na kijiti chetu mkononi, yeye ndiye aliyekuwa akinifanya niwahi kazini. Damu yake ililetwa kila mwezi bila jina, kama damu za wenzake wote, na kazi yangu ilikuwa kuisoma na kuandika maoni mistari miwili. Ya kwake nilikuwa naandika hata kumi, mpaka vijana wa maabara wakawa wananitania kwamba nina mchumba.

Jumatano ile ukungu wa Mbeya ulikuwa umeziba madirisha yote. Niliweka sampuli yake kwenye kisomaji kabla hata sijanywa chai, na mstari wa mapafu ulipotokea kiooni nikasema, "Lo."

Ulikuwa umepanda mara mbili kwa mwezi mmoja.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana kazi yetu si ya kuonekana kwa macho. Seli za mwili hufanya kazi kwa maagizo, na maagizo hayo ni nakala zinazotolewa kwenye jeni. Sasa kuna vipande vidogo mno, maikro-RNA, ambavyo kazi yake ni kuzuia. Kipande kinajibandika kwenye nakala, nakala inaharibika, agizo halitekelezwi. Mwilini mwa mtu mzima kuna aina nyingi ajabu za vipande hivi, na saratani inajua kuvichezea kuliko profesa yeyote. Vile vinavyoizuia kukua inavinyamazisha, vinavyoisaidia inavizidisha, na vingine inavifunga ndani ya vifuko na kuvisafirisha kwa damu hadi kwenye mapafu au ini, viende kuiandalia mahali pa kufikia.

Kijiti chetu, kilichopachikwa chini ya ngozi ya mkono, kilikuwa kinatengeneza kipande kimoja tulichokiita Tisini na Moja. Hicho kinazifanya seli zishikane. Seli ya uvimbe ikishikana na wenzake haitoroki, na uvimbe wenyewe husinyaa. Magazeti yalituimba miaka mitatu mfululizo. Kisha mwaka jana mimi, Subilaga Mwaisumo, nikaugundua upande wake wa pili, na niliugundua kwenye damu ya M-117. Kama kuna seli zilizotoroka kabla ya kijiti, zikafika mapafuni na kukaa huko zimetawanyika bila nguvu, Tisini na Moja hiyo hiyo inazifanya nazo zishikane. Zikishikana, zinajenga. Dawa iliyokuwa inalilinda titi lake ndiyo iliyokuwa inamjengea uvimbe mwingine kifuani.

Nikataka kujua ni nini kingine kilichobadilika kwa mgonjwa wangu mwezi huu. Nikafungua jedwali lake zima la miaka mitatu, mistari yote ambayo kwa kawaida hatuiangalii kwa sababu haihusu saratani. Ini lilikuwa sawa. Misuli sawa. Nikaendelea kushuka hadi kwenye kundi la vipande vinavyotoka kwenye kondo la nyuma pekee, ambavyo mwanamke asiye na mimba hawezi kuwa navyo. Mwaka juzi, sampuli ya Machi, vilikuwepo. Aprili mwanzoni vilikuwa vimepanda. Mei havikuwepo kabisa.

"Maskini," nikasema. "Ilitoka."

Nilimwonea huruma ya kweli. Nikachukua kalamu nimwandikie: mimba changa, imetoka takriban wiki ya tisa, mwishoni mwa Aprili. Nilifika kwenye neno Aprili, mkono ukasimama.

Mwishoni mwa Aprili mwaka juzi nilikaa chooni nyumbani kwangu tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, nimeuma taulo. Wiki tisa. Sikumwambia mtu, hata mume wangu Ambokile, kwa sababu nilikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na mwanamke mwenye kijiti hatakiwi kupata mimba. Nilidhani kimenisaliti kwa bahati mbaya tu, nikaona aibu, mimi mtu wa sayansi.

Niliinua mkono wangu wa kushoto nikakipapasa. Kilikuwa palepale, chini kidogo ya kwapa.

Sikutaka kuamini, kwa hiyo nilifanya kile ninachofanya nisipotaka kuamini. Nilijidunga kidole, nikaweka tone kwenye kisomaji, nikasubiri dakika kumi na moja. Mashine haina haya wala huruma. Iliandika: Sampuli hii inalingana na M-117.

*

Kwetu mgonjwa wa saratani ndiye wa mwisho kujua, kama atajua. Ndugu wanamfuata daktari hadi mlangoni, wanamshika koti: "Daktari, tunakuomba, usimwambie, atakata tamaa." Taasisi yetu ilichoka kuvutana nao, ikaamua kuwapa karatasi. Ndiyo hiyo Fomu ya Ndugu. Mume, mke au mzazi anasaini badala ya mgonjwa, na mgonjwa anatibiwa kwa jina la kitu kingine. Kwa wanawake ilikuwa rahisi mno, kwa sababu kijiti chetu na cha uzazi wa mpango ukiviweka mezani huwezi kuvitofautisha. Msomaji wa damu ndiye shahidi: anathibitisha kwa namba, bila kuona jina, kwamba ugonjwa upo. Nilikuwa nimesaini fomu mia na themanini na tatu. Nilikuwa naona ni jambo la utu.

Niliingia ofisini kwa Profesa Nuru Kihwele bila kugonga. Ana miaka sitini na mmoja, ni mkurugenzi, ndiye aliyenifundisha kushika kifyonzeo cha maabara, na ndiye aliyesimamia harusi yangu. Alikuwa anakata machungwa kwenye sinia.

"Kaa, Subi."

"Nimesimama vizuri, Profesa."

Nikamwekea karatasi ya mashine mbele yake. Nilimtazama usoni nikitafuta mshangao, hata wa kuigiza. Hakushangaa. Aliikunja mara mbili.

"Nani mwingine ameiona?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Miaka kumi na sita ninamwita mama yangu wa pili, na swali lake la kwanza ni nani mwingine ameiona.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Titi la kulia," akasema polepole. "Tulipoleta kisomaji kipya, miaka mitatu iliyopita, tulihitaji damu ya mtu asiye mgonjwa ya kukijaribia. Ukajitolea, unakumbuka? Ukasema wewe huna hofu ya sindano."

"Nakumbuka. Na ukaniambia niko buheri wa afya."

"Ilikuwa bado ndogo sana. Nilitoka nje nikampigia Ambokile."

"Ukampigia Ambokile. Mimi nikiwa chumba cha pili, nakunywa soda mliyonipa kwa kujitolea."

 Alifungua droo akatoa jalada. Fomu ilikuwa juu kabisa. Mwombaji: mume. Sababu: Mgonjwa hatahimili. Jina la matibabu kwa mgonjwa: uzazi wa mpango. Na chini, kwenye nafasi ya shahidi, saini yangu mwenyewe, na ule mkia wake mrefu ninaoupenda. Nilijithibitishia ugonjwa, nikaenda nyumbani kupika.

"Hata zile damu za kila mwezi," nikasema. "Mnazotutoa mkisema ni usalama kazini."

"Za wenzako ni za usalama kazini."

"Na kikao cha mwezi uliopita?"

Hapo ndipo alipoweka kisu chini.

Kikao cha mwezi uliopita kilikuwa na ajenda moja. Damu ya M-117 imeanza kuonyesha alama za mapafu. Je, kijiti kitolewe? Kukitoa maana yake ni kumwita mgonjwa na kumwambia kila kitu, na uvimbe wa titi ungeamka. Kukiacha ni kuyaachia mapafu yaendelee kujengewa uvimbe. Watu walikuwa wanasita. Mimi nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema kwa ufasaha wangu wote: "Mgonjwa hana dalili, hajui lolote, hana wasiwasi. Tukimwacha miezi mitatu tutapata ushahidi ambao hatutaupata kwingine." Wakanifuata wote. Mwenyekiti alikuwa Profesa Nuru.

"Ulikuwa unaniangalia," nikamwambia.

"Nilikuwa nakuangalia."

"Ukanyamaza."

"Subi, sikulala wiki nzima kabla ya kile kikao. Sikuweza kuamua juu yako. Nikajiambia, mwache aamue mwenyewe. Hata kama hajui ni yeye, atakuwa ameamua kwa akili yake. Niliona ni kama umeulizwa."

"Kama nimeulizwa!"

Nilitamani kumpiga. Nasema kweli, nililiangalia lile sinia la machungwa nikalipima uzito kwa macho. Nililia pia, na niliona vibaya kulia mbele yake, kwa sababu alinyoosha mkono kunibembeleza na kwa nusu dakika mwili wangu ulitaka kwenda kwenye mkono ule. Lakini kilichonikaba zaidi si yeye. Kilichonikaba ni kwamba kama M-117 angekuwa mama fulani wa Kyela anayeuza mchele, ningeandika mistari yangu kumi, ningekunywa chai, na miezi mitatu ningeihesabu kwa hamu.

"Kitoe," nikamwambia.

"Tulia kwanza. Ukikitoa leo, uvimbe wa titi..."

"Utaamka kati ya wiki ya sita na ya kumi. Ripoti hiyo nimeiandika mimi. Kikibaki, mapafu yataendelea kujengewa. Titi linaweza kukatwa. Mapafu utayakata?"

"Miezi mitatu ijayo huenda tukawa na kizuizi cha Tisini na Moja kwa mapafu pekee. Tumekaribia sana. Na tumekaribia kwa sababu yako."

"Kwa sababu ya damu yangu."

"Kwa sababu ya yote mawili. Kaa nacho, Subi. Sasa unajua, saini mwenyewe, kila kitu kiwe wazi. Wapo mia nne wengine wanaosubiri hicho kizuizi."

Hapo alinishika pabaya, na alijua. Miezi mitatu ya damu yangu ingeweza kuwaokoa watu ambao niliwasainia bila kuwauliza. Nilisimama nikawaza jambo hilo kwa dakika nzima, tena si kwa hasira. Nikaona kwamba ningeweza kukubali. Kama angeniuliza mwaka jana, huenda ningekubali. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuichukua ile miezi kabla hajaiomba, na sasa alitaka nimpe kwa hiari kitu ambacho tayari kilikuwa mfukoni mwake.

"Kitoe, au nikitoe mwenyewe kwa hicho kisu chako cha machungwa."

Alikitoa yeye, kwenye chumba cha sindano, mlango umefungwa. Ganzi haikushika sawasawa. Kijiti kilipolala kwenye kibakuli kilikuwa kifupi kuliko njiti ya kiberiti.

"Nisamehe, mwanangu," akasema akifunga bandeji.

"Usiniite hivyo."

Kabla sijaondoka nilimwambia kwamba kesho asubuhi nitaanza na fomu namba moja, na kwamba nitawapigia simu wote mia na themanini na wawili waliobaki. Aliniambia bodi itanifukuza. Nikamwambia basi bodi iwahi.

*

Ambokile ni mwalimu wa hesabu, na Jumatano hana vipindi vya mchana. Nilimkuta jikoni akimenya viazi, na redio inaimba. Aliona bandeji kabla hajaniona usoni. Akazima redio.

"Nani kakuambia?"

"Kwa nini nyote mnauliza hivyo? Nimejiambia mwenyewe."

Alikaa kwenye stuli, kisu bado mkononi, ganda la kiazi likining'inia. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu kama vile.

"Mama Lugano, nisikilize."

"Nakusikiliza. Miaka mitatu sijakusikiliza, kumbe ulikuwa na mengi."

"Anyimike," akasema.

Anyimike ni dada yangu mkubwa. Alifariki nikiwa masomoni Dodoma.

"Wewe hukuwepo," Ambokile akaendelea. "Mimi nilikuwepo. Daktari alimwambia Jumatatu, kwa uwazi, kama vitabu vyenu vinavyotaka. Jumatatu hiyohiyo alikuwa anatembea, amefua nguo. Aliposikia akageukia ukuta. Nilikuwa namlisha kwa kijiko, anatema. Siku ya kumi na moja tukamzika. Saratani yenyewe ilikuwa bado haijafika popote. Aliuawa na maneno. Profesa aliponipigia simu nikasema, huyu hapana. Huyu hataambiwa."

"Mimi si Anyimike."

"Ningejuaje? Ningejaribu ili nijue?"

Alikuwa analia, na nilimpenda, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na mwanamke nje.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

 Nikamwangalia akihesabu kichwani, mwalimu wa hesabu.

"Mama," akasema. Mama mkwe wangu. "Mchungaji. Kaka yako. Kina mama wa mtaani wachache, kwa ajili ya maombi."

Wachache! Ndipo misiba yote ya miaka mitatu ikanirudia. Kwetu msiba ni kazi. Mwanamke anayefika msibani bila kushika sufuria au kubeba ndoo atasemwa mpaka arobaini ipite. Mimi kila nilipofika walikuwa wananivutia kiti. "Ndaga fijo, daktari, asante sana, wewe kaa tu hapa." Wananiletea na chai. Nilikuwa nadhani ni heshima ya elimu yangu. Nilikuwa nakaa pale nimekunja nne, nikijiona, na wanawake sabini jikoni wanajua kwamba wanamwandalia kiti marehemu mtarajiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilipata mimba," nikamwambia. Nilitaka aumie. "Mwaka juzi, Machi. Kijiti chenu hakikuwa cha uzazi wa mpango, kwa hiyo nilipata mimba kama mwanamke yeyote. Ilitoka Aprili. Nilikuwa peke yangu."

Kisu kikamponyoka. 

"Hukuniambia," akasema.

"Ningekuambia nini?"

"Hukuniambia, Subilaga."

Ni mara chache sana ananiita jina langu.  Tulikaa tukiangalia viazi.

Kisha akasimama akanishika mabega. "Twende kwa Profesa sasa hivi. Wakirudishe. Nitaendesha mimi."

"Hapana."

"Unataka kufa ili unikomoe."

"Nataka kuulizwa, Ambokile. Kesho nitakwenda kupigwa picha ya mapafu, kwa jina langu, halafu nitaamua la titi. Na kuanzia leo ndani ya nyumba hii hakuna mtu atakayefichwa kitu. Lugano akirudi tutamwambia."

"Mtoto hapana." Rangi ilimtoka usoni. "Nakuomba. Mengine yote niadhibu, lakini mtoto mwache."

"Ana miaka kumi na mmoja. Ana haki ya kujua mama yake anaumwa."

"Mama Lugano, mtoto mwache."

Nilidhani anamwonea huruma tu. Nikamtoa mikono mabegani mwangu nikaenda chumbani kwa binti yetu Lugano, na kumbe mtoto alikuwa amesharudi kutoka shule. Alikuwa amekaa kitandani na sare, daftari limefunguliwa gotini, hajaandika kitu. Kuta zetu ni nyembamba. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," akasema haraka, kabla sijakaa, "mimi sijasema."

"Hujasema nini?"

"Sijasema. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Tumpe wa darasani sijamwambia."

Nilikaa kitandani kando yake.

"Ulikuwa unajua?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilimsikia baba akiongea na bibi. Ndipo baba akaniambia. Akasema wewe ukijua tu, utakufa kama mama mkubwa Anyimike. Akasema kwa hiyo sote tukunyamazie."

"Lini hiyo?"

"Nikiwa darasa la tatu."

Sasa yuko darasa la sita. Miaka mitatu mtoto huyu alikuwa anaamka, anakunywa chai mbele yangu, ananionyesha madaftari, ananisimulia ya Tumpe, na chini ya ulimi wake ana neno moja ambalo likimtoka mama yake anakufa. Na mimi, msomaji wa damu hodari kuliko wote Taasisi, sikuwahi kumsoma. Hasira yote niliyokuwa nayo siku ile, ya Profesa, ya Ambokile, ya wanawake wa msibani, ilikusanyika kifuani pangu na haikuwa na mahali pa kwenda.

"Umejua mwenyewe, si ndiyo?" akauliza. "Hakuna aliyekuambia."

"Ndiyo, mwanangu. Nimejua mwenyewe. Wewe hujasema."

"Kwa hiyo hutakufa."

Alikuwa ananitazama machoni. Jikoni hakukusikika kitu. Nilijua Ambokile amesimama mlangoni pa jikoni anasikiliza, na nilijua anachokiomba. Lilikuwa neno dogo. Nilikuwa nalo mdomoni, limekaa tayari, tamu kabisa. Na nilielewa saa ileile jinsi walivyoweza, wote, mmoja baada ya mwingine.

"Sijui," nikamwambia.

Alisubiri niongeze kitu. Nikataka kumweleza habari za picha ya kesho, za titi na mapafu, kwamba kuna nafasi, kwamba nafasi si ndogo. Nikamshika mkono. Akautoa. Alifunga daftari lake, akashuka kitandani, akapita mbele yangu bila kunitazama, na nikamsikia akianza kulia alipofika koridoni.

"Baba, mama anasema hajui."

Ambokile alimjibu papo hapo, kwa sauti ile ya utulivu niliyoiamini miaka yote ya ndoa yetu.

"Hatakufa, binti yangu. Hatakufa."

Nikamsikia mwanangu akinyamaza.